Nani Alikaa Humu Kabla?

Shilingi 180,000. Dalali aliitaja bei hiyo kama anayetaja bei ya fungu la embe, akaweka kikombe cha kahawa kwenye baraza na kugeuza macho upande wa bahari, ili Mwenye Nyumba apate nafasi ya kufikiri.

Kilichokuwa kikiuzwa si kiwanja. Ni jina: maneno mawili yaliyounganishwa, kisha nukta, kisha com. Zamani lilikuwa jina la tovuti ya hoteli moja ya Watamu iliyofunga milango yake. Msomaji asihangaike kuitafuta hoteli hiyo, kwa maana ni ya kubuni, kama walivyo wa kubuni watu wanne waliokutanishwa hapa kwenye baraza ya mtaa wa Shela, mji wa kale wa Malindi, saa kumi na moja jioni. Wanaitwa kwa kazi zao. Visa vya dunia wanavyovitaja, pamoja na sheria na hukumu, ni vya kweli.

Mwenye Nyumba ana vyumba sita vya wageni karibu na hori ya Mida. Wageni wake wengi ni Waitaliano, jambo ambalo halimshangazi mtu wa Malindi. Waitaliano walifika Ngomeni miaka ya 1960 wakajenga jukwaa la kurushia roketi baharini, San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo satelaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya siku hiyo. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wastaafu wa kujenga nyumba. Leo muuza madafu wa Malindi anaweza kukurudishia chenji kwa Kiitaliano.

"Bi, usitazame bei, tazama minazi," Dalali alianza. "Jina jipya ni mche. Utaumwagilia miaka saba kabla hujaonja dafu. Hili liko tangu 2006. Vitabu vya safari vya Italia vimelitaja, kurasa za watu zimeliunganisha, Google wanalijua. Wewe unaingia tu, unaangua."

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mitambo ya kutafutia hupima tovuti, pamoja na mambo mengine, kwa kutazama ni nani wengine wanaoelekeza watu huko. Tovuti ya hoteli iliyokaa miaka kumi hukusanya vielekezi hivyo taratibu, na vielekezi haviondoki siku hoteli inapofungwa. Ndiyo maana majina yaliyoachwa yana soko.

Na ukanda huu una sababu zake za kuacha majina. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, na maonyo ya safari kutoka Uingereza na nchi nyingine mwaka huo, hoteli za pwani zilikaa tupu na baadhi zikafungwa. Mwaka 2020 ikaja korona. Hoteli inapofungwa, mwenyewe hukumbuka kuuza jenereta, magodoro, hata pampu ya bwawa. Domeni, yaani lile jina la tovuti, haikumbukwi, maana haishikiki.

Jina la .com lisipolipiwa halifi siku hiyo hiyo. Msajili anaweza kumvumilia mwenyewe hadi siku 45. Likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kungoja ambazo hakuna wa kuligusa, kisha linaachiwa. Hapo mlangoni zipo programu zinazolivizia, na jina zuri huchukuliwa ndani ya sekunde chache.

"Ami, nipe dakika mbili," alisema Fundi, kijana wa tovuti aliyetoka Kilifi mjini kwa matatu akiwa na kompyuta ndogo mgongoni. Hakuifungua. Alitoa simu, akaingia kwenye Wayback Machine, ghala la shirika la Internet Archive linalohifadhi nakala za kurasa za intaneti tangu 1996, akaandika jina linalouzwa.

Ghala likatoa miaka. Mwaka 2009: paa la makuti, vitanda vyenye vyandarua vyeupe, bei kwa yuro, kaa wa kuchoma kwenye sahani ya bluu. Mwaka 2013: chumba kile kile, picha bora zaidi. Mwaka 2016: hakuna kitu. Mwaka 2018: mabango mekundu ya kamari, maandishi ya Kichina kutoka juu hadi chini. Mwaka 2020: viatu vya michezo vya nusu bei, kwa Kijapani. Kisha ukurasa mweupe wenye mstari mmoja unaosema jina hili linauzwa.

Mwenye Nyumba aliichukua simu, akarudi 2009, akaipanua ile picha ya kaa kwa vidole viwili. "Mpishi wa hapa nilimjua," alisema.

Fundi hakuwa amemaliza. Alifungua pia rejista ya domeni, akamwelekezea Dalali kioo. "Ulisema tangu 2006, ami. Humu imeandikwa limesajiliwa 2021."

Kosa hilo ni la kawaida kwa wauzaji, na si lazima liwe uongo. Domeni ikishafutwa na kusajiliwa upya, tarehe yake ya kuzaliwa huanza upya. Hoteli ilikuwa na jina hilo tangu 2006, kweli. Lakini kilichokuwa mkononi mwa Dalali ni jina la 2021 lenye sura ya lile la kwanza, na katikati walipita wapangaji wasiojulikana.

Dalali hakutahayari. Mtu aliyeuza viwanja miaka thelathini hatahayari upesi. "Nyumba ikipangishwa kwa mwizi, ukuta una kosa gani? Mwizi katoka. Unapaka chokaa, unafukiza udi, unahamia."

"Chokaa haifiki kwenye madaftari ya watu wengine," Fundi alijibu. Akaeleza habari za Spamhaus, shirika linaloweka orodha za domeni zilizotumiwa kwa barua taka na utapeli, orodha ambazo watoa huduma wengi wa barua pepe huzitazama kabla ya kumpokelea mtu barua. "Bi akimjibu mgeni wa Bologna, barua yake inaweza kutupwa kwenye kapu la barua taka. Mgeni hataiona. Bi naye hataambiwa. Ataona kimya tu, adhani mgeni amepata kwingine."

Hilo la kimya ndilo lililomfanya Mwenye Nyumba ainue kichwa. Bomba likipasuka ukumbini, maji huonekana. Biashara inayokatika kwa barua zisizofika haina dalili, na mwenye vyumba sita hana meneja wa kumhesabia wageni wasiokuja.

Fundi akaongeza kuwa Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya matumizi mabaya ya domeni zilizoisha muda, na kati ya mifano iliyotoa ni kurasa za kamari kwenye tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi. "Kwa hiyo jina hili limekwisha kuchomeka."

Hapa Fundi alivuta kamba kupita kiasi. Sera hiyo inawalenga wanaonunua jina lenye heshima ili kupandisha takataka, na Google yenyewe inasema si kosa kutumia jina la zamani kwa tovuti mpya halisi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu. Nyumba ya wageni juu ya jina la hoteli si kamari juu ya jina la shule. Mashaka ni kama bado kuna kitu cha kununua. Shilingi 180,000 ni bei ya minazi, na kama minazi ilikauka wakati wa yale mabango mekundu, hapo pana mashimo tu. Kibaya zaidi, adhabu ambayo mtu wa Google aliiweka kwa mkono huonekana kwenye ukurasa wa usimamizi unaofunguliwa na mwenye domeni. Mnunuzi hapewi kuuchungulia kabla hajalipa, labda muuzaji akubali kumfungulia.

Wakili, mwanamke anayesimamia kesi za ardhi Malindi, alikuwa akila kashata polepole. Sasa akaingia. "Ami, kesi ya Dina unaijua."

Aliijua. Ni nani auzaye viwanja vya ufuoni kutoka Vipingo hadi Mambrui asiyeijua? Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua shauri la kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha Nyali. Mwaka 2017 kaunti ilivunja ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ilikuwa na hatimiliki, na ikasema imenunua kwa nia njema. Mahakama ikarudi nyuma hadi mgao wa kwanza wa 1989, uliokwenda kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, ikakuta haukufuata sheria. Hati iliyochipuka kwenye mzizi huo haikuweza kumlinda mnunuzi.

"Kwenye ardhi, mnunuzi mwema siku hizi anaulizwa mzizi," Wakili alisema. "Na kwenye ardhi angalau kuna ofisi. Unaenda, unalipia, unafanya sachi, unapewa karatasi. Karatasi inaweza kudanganya, Kilifi hatuhitaji kufundishwa hilo, lakini ipo. Kwa domeni, ofisi ya mizizi iko wapi?"

Haipo. Rejista ya domeni husema jina limesajiliwa lini, kupitia kwa nani na linaisha lini. Haisemi lilitumika kwa nini. Majina ya wenyewe nayo, kwa sehemu kubwa, yamefichwa tangu sheria ya faragha ya Ulaya ilipoanza kutumika mwaka 2018. Historia inabidi iokotwe huku na kule: Wayback Machine kwa picha za kurasa, orodha za barua taka kwa tabia, Google kwa kuangalia kama jina hilo linaleta chochote. Na mtu anayesema amenunua domeni amekodi tu. Jina la .com halilipiwi zaidi ya miaka 10 kwa wakati mmoja, na kodi ikikatika linarudi sokoni.

Wakili alikuwa na jingine. Utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, wa kuamua migogoro ya majina, uliopitishwa 1999, unamruhusu mwenye alama ya biashara kudai jina lililochukuliwa kwa nia mbaya. Waamuzi wake kwa kawaida huitazama siku ambayo wewe ulilipata jina, hawaitazami siku lilipozaliwa, kwa hiyo umri aliousifia Dalali hautamkinga mnunuzi wake. Nyumbani Kenya, kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinamtoza faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, mtu anayetumia kwa kusudi, bila haki wala ruhusa, jina la biashara au domeni ya mwingine.

"Hoteli imekufa, bi wakili!"

"Hoteli imekufa. Alama yake ya biashara unajua ilizikwa wapi? Kama iko kwenye kabati la mwanasheria Milano, haijafa."

Dalali alinyamaza, akajimiminia kahawa. Alipozungumza tena alitoa hoja yake bora ya siku ile, na ni haki kuiandika kama alivyoitoa.

"Mnasema kama kwamba jina jipya ni bikira. Haya. Mwanangu, zile domeni za bure mlizokuwa mkiwapa watu, zimekwenda wapi?"

Fundi alicheka, maana alijua anakopelekwa. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom ya Uholanzi iligawa bure majina ya .tk ya Tokelau, .ml ya Mali, .ga ya Gabon na mengine. Matapeli wakajaa humo. Kampuni ya Meta ikaishtaki Freenom mahakamani Marekani. Juni 2023 Gabon ikarudisha .ga mikononi mwake, na majina zaidi ya milioni 7 yakafutwa. Mwenye duka halali la mtandaoni aliyekuwa ndani ya umati huo alikuwa amesajili jina jipya kabisa, lisilo na mpangaji wa kabla, na mkia wa jina lake, .ga, ukamponza.

"Na hiyo .io mnayoisifu nyinyi mafundi," Dalali aliendelea, "si ya Chagos?"

Ni ya visiwa vya Chagos. Herufi hizo ni za eneo ambalo Uingereza ililiunda mwaka 1965 katika bahari hii hii ya Hindi, kisha kati ya 1968 na 1973 ikawahamisha wakazi wake. Kampuni za programu zilizipenda herufi hizo bila kuuliza zilikotoka. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kurudisha mamlaka ya visiwa kwa Mauritius. Herufi za nchi iliyokoma kuwapo huweza kuondolewa kwenye intaneti: .yu ya Yugoslavia ilizimwa mwaka 2010. Hapo hata mwenye jina safi anakaa juu ya historia asiyoichagua.

Fundi alimkubalia na jambo la pili, na hilo linafaa kusemwa zaidi kuliko linavyosemwa: vichujio vya barua pepe huyashuku pia majina yaliyosajiliwa jana, kwa kuwa matapeli hupenda majina machanga. Kwa hiyo jina jipya linahitaji wiki kadhaa za kutumika polepole kabla ya kutuma matangazo kwa wateja mia tatu.

Mjadala ungeweza kuishia hapo, sare. Ni Mwenye Nyumba aliyeuvunja, na hakuuliza kuhusu Google.

"Laini yangu ya pili nilinunua Mtwapa," alisema. "Miezi minne nikipigiwa na wakopeshaji wakimtafuta mama mmoja wa Mariakani. Wengine walinitukana. Halafu siku moja akapiga mwanawe, akilia, anadhani mimi ni mamake. Sasa nauliza. Nikilichukua jina hili, barua zao zitakuja kwangu?"

Zitakuja. Anayemiliki domeni anaweza kuamuru kila barua inayotumwa kwa jina hilo, kwa anwani yoyote, imfikie yeye. Mwaka 2018 mtafiti wa usalama wa mitandao nchini Australia, Gabor Szathmari, alisajili upya domeni zilizoachwa na kampuni za mawakili zilizoungana au kubadili majina. Alichofanya ni kufungua sanduku na kungoja. Nyaraka za siri za wateja zikamiminika kutoka kwa watu walioamini wanamwandikia wakili wao. Alionyesha pia kwamba kwa barua hizo mtu angeweza kuomba nenosiri jipya la akaunti zilizofunguliwa kwa anwani za zamani, na kuingia.

Iweke hali hiyo Watamu. Familia ya Torino iliyolala hapo 2012 inaandika tena kwa anwani ile ile. Inaambatisha nakala za pasipoti, inaomba namba ya benki ya kutumia malipo ya awali. Mwenye Nyumba akiwajibu kwamba hoteli ilifungwa na kuwakaribisha kwake Mida, amefanya biashara. Akitunza pasipoti zile bila sababu, anaingia kwenye mikono ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na kama mnunuzi wa jina hilo angekuwa mtu mwingine, mwenye namba ya benki tayari na Kiitaliano kizuri, familia ile ingelipa.

"Kwa hiyo hatari si yangu tu," alisema Mwenye Nyumba.

Hapo ndipo Fundi aliporudi kwenye .io. Polyfill ilikuwa kipande cha programu kilichosaidia vivinjari vya zamani kufungua kurasa mpya, na tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikikivuta moja kwa moja kutoka polyfill.io. Februari 2024 domeni hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Kichina iitwayo Funnull. Juni 2024 watafiti wa usalama wakagundua kuwa kipande hicho sasa kinawapeleka baadhi ya watumiaji wa simu kwenye kurasa za kamari. Wenye tovuti zile hawakununua kitu chochote. Jina waliloliamini lilibadili mikono, na wao hawakuarifiwa.

Visa hivyo viwili, cha mawakili na cha Polyfill, vinabadili swali la baraza ile. Madalali na mafundi hubishana kama mnunuzi atapunjwa, na mara nyingi atapunjwa, kwa kiasi cha fedha kinachohesabika. Anayepoteza zaidi ni yule aliyeacha jina lake lidondoke, pamoja na watu wote wanaoendelea kuliamini.

"Bi," Fundi aliuliza, "lako la sasa linaisha lini?"

Mwenye Nyumba hakujua. Jina lilisajiliwa na mpwa wake alipokuwa chuoni, naye mpwa sasa yuko Doha. Fundi akaliandika kwenye rejista. Siku 19. Wakapiga simu Doha. Mpwa alisema hajaona onyo lolote la kulipia, kisha akakumbuka: maonyo yanakwenda kwenye anwani ya chuo, iliyofungwa alipohitimu.

Dalali, aliyekuwa kimya kwa muda, aliuliza tarehe hiyo itaangukia siku gani ya wiki. Watu wote watatu wakamtazama. "Nauliza tu," alisema.

Kabla ya magharibi Mwenye Nyumba alikuwa amelipia miaka mitano kwa M-Pesa, na Fundi amebadili anwani ya maonyo iwe ya Mwenye Nyumba mwenyewe, ile anayoisoma kila siku kwenye simu. Jina la hoteli ya Watamu hakulinunua. Liko sokoni bado, na Dalali ameteremsha bei hadi shilingi 120,000.